Ukulele Kubwa ya Kondo

Kondo alipoingia na lile begi refu jeusi, Najat alijua mna nini ndani kabla halijafunguliwa, na moyo ukaanza kumwenda mbio.

"Usiniangalie hivyo, sijaiba," Kondo alisema huku akicheka. Alililaza begi kwenye zulia taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia. "Kuna jamaa yangu Kariakoo nilimwagiza, kahangaika mpaka kaipata. Fungua."

Ilikuwa Jumamosi, baada ya alasiri, nyumbani kwa kina Najat, Tandika. Kondo hakuja peke yake. Alifuatana na dada yake mkubwa, Hamisa, ambaye ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na ambaye akisema jambo katika familia yao huwa limeshapita. Posa ilikwisha kupokelewa. Ndoa ilikuwa mwezi ujao, na Hamisa alikuja kupanga habari za sare na mapishi na Bi Mwanaasha, mama yake Najat.

"Mwali kapata zawadi kabla hata hajaingia ndani," Hamisa alisema, nusu utani. "Fungua, wifi, na sie tuone."

Najat akafungua zipu. Ilikuwa ukulele, gitaa dogo la nyuzi nne, ya baritoni yenye sauti nzito, kubwa kuliko aliyowahi kuishika, mbao yake nyekundu iliyoiva, shingo ndefu. Ilikuwa nzuri mno. Najat alitamani kulia.

Ukutani, juu ya kochi, zilining'inia ukulele nyingine nne alizokuwa nazo, kuanzia kubwa hadi ndogo. Watoto wa chekechea anakofundisha, kule Mtoni, walizipa majina wenyewe. Ile kubwa yenye sauti nzito waliita Babu. Iliyofuata ni Baba, kisha Mama, na ile ndogo kabisa, ambayo mtu angeweza kuificha ndani ya kanga, waliita Kitinda. Bi Mwanaasha aliziita makelele, zote kwa pamoja. Wageni walizisifia na kudhani Najat ni mtu wa kukusanya vitu, kama wengine wanavyokusanya vikombe vya maua. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini alianza kununua kubwa akamalizia na ndogo.

Alianza na Babu zamani, mkono ukiwa mzima. Kisha kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, mkono wa kubonyezea nyuzi, kikaanza kuchelewa. Shingo ya Babu ni ndefu, na kidole kikawa hakifiki panapotakiwa. Najat alijiambia ni uchovu, akanunua Baba. Alipata nafuu kwa muda. Kidole cha pili yake nacho kikaanza kujikunja, akahamia kwa Mama. Sasa alikuwa kwa Kitinda, na dukani alishauliza kama kuna ndogo zaidi. Muuzaji alicheka, akamwambia ndogo zaidi ya hiyo ni ya kuchezea watoto.

Kulikuwa na jambo jingine, chini ya mikono mirefu ya magauni aliyokuwa akivaa hata wakati wa joto. Juu kidogo ya kifundo cha mkono huohuo palikuwa na baka, limepauka kuliko ngozi yake, na baka lile lilikuwa halisikii kitu. Aliwahi kulichoma na pini, akaangalia damu ikitoka kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Piga basi," Kondo alisema. Aliketi kwenye kiti kilichoelekeana naye, akamtazama kwa yale macho yake yaliyokuwa yakimfanya Najat asahau alichotaka kusema. "Ile niliyoisikia siku ya kwanza. Mle darasani, nilipokuja kumchukua mtoto wa Hamisa."

"Ile ilikuwa kwenye Babu."

"Ndiyo maana nimekutafutia kubwa. Siku hizi hiyo Babu hata huigusi. Nikasema labda imechoka."

Najat akainyanyua ile mpya. Akaipakata. Mkono wa kulia ukagusa nyuzi, na sauti nzito, tamu, ikajaa sebuleni. Kisha akapeleka mkono wa kushoto shingoni. Vidole viwili vikatii. Cha tatu kikalegea, cha nne kikabaki kimejikunja kama ndoano. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza. Akajaribu tena. Jasho likamtoka mgongoni. Akabonyeza kwa nguvu zake zote, akapiga, ikakwaruza tena.

Bi Mwanaasha akajifanya anapanga vikombe kwenye sinia. Hamisa hakujifanya chochote; alikuwa anautazama ule mkono.

"Kidole chako kina nini, wifi?"

"Nimekilalia vibaya, dada."

"Leo?"

"Jana usiku."

"Mie nilikiona hivyohivyo siku ya posa," Hamisa alisema, bila ukali.

Najat akairudisha ukulele kwenye begi. "Ngoja nikatazame chai," alisema, akatoka kuelekea uani.

Uani jiko la mkaa lilikuwa limekolea, na sufuria ya chai ya maziwa ilianza kutokota. Najat akainama juu yake, akajaribu kupumua. Alikuwa akimuwazia mjomba wake, Mashaka. Najat alikuwa mdogo sana wakati ule, lakini alikumbuka chumba cha nyuma chenye pazia nene, sahani ya bati ambayo hakuna mwingine aliyeilia, na mikono iliyofungwa vitambaa. Majirani waliambiwa mjomba kasafiri. Alikufa akiwa "safarini" humohumo chumbani, na jina la ugonjwa wake halikutajwa hata siku ya kuzikwa. Mwezi uliopita Bi Mwanaasha aliliona lile baka. Hakuuliza kitu. Alishusha tu mkono wa gauni la mwanawe mpaka kwenye kiganja, akasema, "Baada ya ndoa tutaona. Sasa hivi usimwonyeshe mtu."

"Umekasirika?"

Kondo alikuwa amesimama mlangoni. Najat akageuka, akajitahidi kutabasamu.

"Nikasirike kwa lipi? Zawadi nzuri vile."

"Hamisa ndivyo alivyo, hanaga breki. Usimjali. Na hiyo ukulele kama hukuipenda, narudisha, huyo jamaa hana shida." Akasogea karibu. "Ila kuna kitu unanificha. Sijui ni nini, lakini nakiona. Nikikushika mkono unauvuta. Nikikwambia tukakae ufukweni unasema jua kali. Kuna mtu mwingine?"

"Hakuna mtu, Kondo. Wallahi hakuna."

"Basi niambie, maana nalala na kuamka na hilo hilo."

Najat alitaka kumwambia. Neno lilifika mpaka kwenye ulimi likarudi. Akawa anamtazama tu, uso ule mpana na kovu dogo kwenye nyusi, akijaribu kuuweka moyoni mzima mzima kama mtu anayeaga. Hapo akaona uso ule unabadilika. Kondo alikuwa haangalii tena macho yake. Pua yake ilikuwa imenusa kitu.

"Najat," alisema polepole. "Mkono."

Najat akatazama chini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeegemea ukingo wa sufuria. Alikuwa ameuegemeza pale muda wote waliokuwa wakizungumza. Ngozi ya kidole cha mwisho na ubavu wa kiganja ilikuwa imeshageuka nyeupe, na malengelenge yanaanza kufura.

Kondo akaudaka, akaukokota mpaka kwenye ndoo ya maji, akautumbukiza. "Hukusikia?"

Najat akatikisa kichwa.

"Umeungua mpaka harufu inatoka, hukusikia kitu?"

"Hapo sisikii. Ni muda sasa." Sauti yake ilitoka ndogo. Akapandisha mkono wa gauni, akamwonyesha baka. "Na hapa. Ndiyo maana sipigi tena Babu. Vidole vinakufa kimoja kimoja, na mie nanunua ukulele ndogo ili nisijue. Mjomba wangu alikuwa hivihivi, Kondo. Nadhani ni ukoma."

Kondo aliuachia mkono.

Hakuutupa, wala hakurudi nyuma kwa kishindo. Aliuachia tu, vidole vyake vikafunguka vyenyewe, na mkono wa Najat ukabaki peke yake ndani ya maji. Wote wawili walikiona kitendo kile.

"Nilijua," sauti ya Hamisa ilisema kutoka mlangoni. Nyuma yake alisimama Bi Mwanaasha, kashika sinia tupu.

"Ulijua nini?" Bi Mwanaasha aliuliza. "Mtoto kaungua na sufuria. Nani kataja ugonjwa hapa?"

"Yeye mwenyewe kataja, Bi Mwanaasha. Nimemsikia." Midomo ya Hamisa ilikuwa imepauka. Hakuwa anafurahi kushinda. Alikuwa anaogopa, na woga ule ulimtisha Najat kuliko matusi. "Nakuheshimu kama mama yangu. Lakini mngetuambia lini? Baada ya kupata mtoto?"

Bi Mwanaasha akaiweka sinia chini.

"Mie simchukii binti yako. Lakini nina ndugu huyu mmoja tu duniani. Nimemlea kwa kuuza maandazi. Siwezi kumpeleka mahali nisipojua atatokaje." Akamgeukia mdogo wake. "Kondo, twende."

"Dada, ngoja kwanza."

"Twende. Utaongea ukiwa umetulia."

Kondo akamtazama Najat. Kama angesema neno moja, lolote lile, Najat angelishikilia. Hakusema. Akamfuata dada yake, na mlango wa mbele ukasikika ukifungwa. Sebuleni, begi jeusi lilibaki kwenye zulia, zipu haijafungwa yote.

Jumapili ilipita kama siku ya msiba usio na maiti. Najat aliufunga mkono kitambaa, na alipokiona kile kitambaa kwenye kioo akakaa kitandani, maana alikuwa amemwona Mjomba Mashaka. Aliwaza watoto wa chekechea, mashavu yao aliyoyashika, wangapi aliwapakata. Akawaza Kondo, jioni walizokaa karibu karibu, na moyo ukamganda kabisa. Wazo la kumkosa aliweza kulibeba. La kumwambukiza hakuweza.

Mchana alijitengea sahani yake na kikombe chake, akaviweka dirishani, mbali na vingine. Bi Mwanaasha alipoingia kupakua akaviona. Alisimama pale muda mrefu. Kisha akaja na sufuria ya wali, akapakua kwenye sahani ileile ya dirishani, akaketi kwenye mkeka, akaanza kula.

"Mama, hiyo yangu."

"Kaa ule."

"Mama, usifanye hivyo. Hatujui."

"Kaa, Najat."

Wakala pamoja, mikono ikipishana kwenye sahani moja. Machozi yalimtiririka Bi Mwanaasha hadi kidevuni na hakuyafuta. Walipomaliza akasema, "Kesho nenda kapime. Nilikuzuia kwa kuogopa watu. Usinifuate mie tena kwa hilo."

Jioni ile Najat akamwandikia Kondo kwenye simu: *Kesho asubuhi naenda zahanati hapa Tandika. Sikudai kitu. Nimeona tu ujue.* Alama mbili zikageuka buluu, kwamba ujumbe umesomwa. Jibu halikuja. Alilala na simu kifuani na haikulia.

Zahanati ilikuwa na benchi refu la mbao kwenye baraza, na mlango wa mwisho uliandikwa Kifua Kikuu na Ukoma kwa maandishi makubwa ambayo mtu aliyepita barabarani angeyasoma. Najat alikaa akiwa amejifunika mtandio hadi puani. Mama yake alitaka kumsindikiza, akamkatalia. Kila aliyepita, Najat alihisi anamjua. Mara mbili alinyanyuka aondoke, na mara ya pili alikuwa ameshafika getini alipogongana na Kondo.

Alikuwa amevaa kizibao chake cha kazi cha rangi ya machungwa, kile cha kuendeshea foklifti, mashine ya kunyanyulia mizigo, kwenye yadi ya makontena Kurasini. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Unakwenda wapi?" aliuliza.

"Nyumbani."

"Umeshaonwa?"

"Bado."

Kondo akatazama lile benchi, akautazama ule mlango. "Turudi tukakae," alisema.

Wakakaa. Baina yao aliacha nafasi ya mtu mmoja. Baada ya muda akaisogelea nusu.

"Niliachia mkono wako," Kondo alisema, akitazama sakafu.

"Niliona."

"Usiku kucha nauona. Sikukusudia, lakini niliuachia, siwezi kusema sikuuachia." Akavuta pumzi. "Na leo sijaja kwa ushujaa, Najat. Nimekuja naogopa."

"Basi kwa nini umekuja?"

"Nyumbani niliogopa zaidi."

Najat hakuweza kumtazama. "Hamisa anajua uko hapa?"

"Anajua. Alilia. Kasema nikiupata nisiseme hakunionya."

Jina la Najat likaitwa. Alinyanyuka, na Kondo akanyanyuka naye, na hakuna aliyemwambia mwenzake aje au abaki.

Muuguzi aliitwa sista Flaviana, mama wa makamo mwenye lafudhi ya bara na mikono ya haraka. Aliufungua ule mkono ulioungua akaufunga upya vizuri, kisha akapapasa mshipa wa fahamu nyuma ya kiwiko cha Najat kwa kidole gumba, palepale, mara kadhaa, kama anayetafuta uzi ndani ya nguo. Akachukua kipande cha pamba, akakisokota ncha.

"Funga macho," alisema. "Nikikugusa, unasema hapo. Usipobahatisha ndiyo utanisaidia."

Akaanza na mkono wa kulia.

"Hapo," Najat alisema. "Hapo. Hapo."

Kisha ikawa kimya. Najat akangoja. Nje mtoto alikuwa analia, na feni juu ilikuwa inazunguka ikilalamika. Aliendelea kungoja, akidhani sista kaenda kuchukua kitu. Alimsikia Kondo pembeni akivuta pumzi kwa nguvu, kama mtu aliyechomwa.

"Nipo tayari, sista," alisema. "Anza tu."

"Nimeshamaliza, mwanangu. Nimekugusa baka lote la mkono wa kushoto. Fungua macho."

Alipofungua, kitu cha kwanza kuona ni Kondo, kasimama ukutani, kajiziba mdomo kwa kiganja.

Sista Flaviana hakuzunguka. "Ni ukoma," alisema, kwa sauti ileile ambayo angesema ni malaria. "Daktari atathibitisha, lakini mie nimeuona mwingi. Dawa ipo, hulipi, na unaanza leo. Ukishaanza kumeza humwambukizi mtu. Usiniletee hadithi za zamani za kufungiwa chumbani."

"Nafundisha watoto wadogo, sista."

"Tutaongea na shule kwa utaratibu, bila kukutangaza. Huu hauambukizi kwa kupeana mkono. Ninaowataka haraka ni wale wa karibu kabisa, mnaokula na kukaa pamoja siku zote."

"Na vidole?"

Hapo Flaviana akaweka pamba chini. "Sikudanganyi. Kuna vidonge vya kutuliza huo mshipa, na mazoezi. Vingine hurudi, vingine havirudi. Umechelewa kuja. Hujachelewa kabisa, lakini umechelewa."

Najat akainamisha kichwa. Alidhani atalia, lakini kilichomjia ni baridi tu, toka miguuni kwenda juu. Angemeza dawa. Angeishi. Lakini angeishi na nani, na kwa vidole vingapi, hilo hakuna wa kumwambia.

"Na huyu kijana ni nani wako?" sista aliuliza.

Najat akaona huo ndio mlango wa Kondo wa kutokea, na yeye ndiye anayeweza kumsaidia apite. "Ni jirani," alisema upesi. "Kanisindikiza tu. Ana kazi Kurasini, anachelewa."

Kondo akatoa kiganja mdomoni. Alichukua muda, na katika muda ule Najat alikubali kila kitu.

"Mchumba wake," Kondo alisema. "Huu mwaka wa tatu tuko pamoja. Ndoa mwezi ujao."

"Kondo."

"Ndivyo ilivyo, sista. Wa karibu ndio mie."

Flaviana akamtazama juu mpaka chini. "Basi vua hicho kizibao. Kaa hapa."

Akavua. Vifungo vya shati vilimsumbua. Akakaa kwenye kiti alichotoka Najat, kikiwa bado na joto lake, akafumba macho kabla hajaambiwa. Sista akasokota pamba mpya, akaanza.

"Hapo," Kondo alisema. "Hapo."

Najat alikuwa amesimama ukutani, palepale alipokuwa Kondo, na sasa akajua mwenzake alikuwa akiona nini. Kila pamba ilipogusa ngozi ile, alikosa hewa mpaka asikie neno. Bega. "Hapo." Kiwiko. "Hapo." Mgongo, mara mbili. "Hapo. Hapo."

Pamba ikashuka kwenye mkono wa kushoto, ikagusa juu ya kifundo.

Kondo hakusema kitu.

Pamba ikagusa tena, chini kidogo. Kimya. Najat akashika ukingo wa meza. Ikagusa mara ya tatu. Aliiona inazama kwenye vinyweleo, aliiona kwa macho yake, na mdomo wa Kondo haukufunguka. Machozi yalikuwa yanamtoka chini ya kope zilizofumbwa.

"Kaka," sista Flaviana alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua uharaka. "Husikii?"

"Nasikia, sista. Umenigusa mara tatu, hapo juu ya kifundo." Akageuza kichwa kidogo. "Nilikuwa nasikiliza nyuma yangu, maana nimeona kimya. Nikadhani ameondoka."

Najat akausogelea mgongo ule mtupu mpaka akahisi joto lake. Mkono wake hakuuamini tena, akaweka paji la uso wake kwenye bega la Kondo.

"Nipo," alisema.

Sista akangoja kidogo, kisha akasokota pamba nyingine. "Haya, miguu sasa," alisema. "Usifumbue macho."